Kibuyu cha Mbegu cha Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja kule kijijini Kwanza, miaka ya themanini. Uani tulikuwa watatu: Namalwa, mama mkwe wangu, Nafula, binti yake wa darasa la saba, na mimi Nelima, bibi arusi wa miezi minne kutoka Kabuchai. Jirani yetu Nasimiyu alichungulia juu ya ua, lakini huyo hakuna aliyemwita.

Mwanangu, nilikuwa nimevunja kibuyu cha mbegu. Kile kile mama mkwe alichopimia wimbi, yaani ulezi, tangu aolewe! Shamba la juu hula kibuyu kimoja kamili, mvua ilikuwa imekaribia, na hakuna aliyejua kibuyu kilibeba gorogoro ngapi, yale makopo ya kupimia nafaka sokoni.

"Si tuweke tu tatu," nikasema haraka.

"Ati tatu! Mbegu haikisiwi," mama akanikatiza. "Ukizidisha zitasongana, ukipunguza tutalala njaa. Umevunja wewe, tafuta wewe."

Nasimiyu akacheka. "Huyo aliyeachia darasa la nne atatafuta wapi, bana?"

Iliniuma. Nikamuuliza mama, mwaka jana shamba la chini lilikula nini? Akasema kibuyu kimoja na nusu, halafu akaongeza robo tatu ya gorogoro. Ndipo zikaisha zote alizonunua mume wangu Ndalu, gorogoro tatu na robo tatu.

Nafula akachora chini kwa kijiti. "Wifi, shuleni kibuyu chako tunakiita x. Kwanza vunja zote ziwe robo."

Hapo nilielewa, maana vikombe vinne hujaza gorogoro. Gorogoro tatu na robo tatu ni vikombe kumi na tano; nikavipima mkekani. Nikatoa vitatu vya nyongeza, vikabaki kumi na viwili: hivyo ndivyo kibuyu kimoja na nusu, yaani nusu tatu. Nikagawa mafungu matatu, kila nusu vikombe vinne. Kibuyu kizima, vinane. Gorogoro mbili!

"Rudisha tuone," mama akasema.

Nikajumlisha: nane za kibuyu, nne za nusu, tatu za nyongeza. Kumi na tano!

Mama akanisukumia gunia lote la mbegu. "Kuanzia leo mpimaji ni Nelima." Nasimiyu akakumbuka ghafla ana mboga jikoni.

Basi mwanangu, ukikutana na usichokijua, usikisie. Vunja vyote viwe vipande vya aina moja, toa kilichoongezwa, gawa kilichobaki, kisha rudisha uone. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe ukijue. Mungu akupe mkono usiomwaga mbegu na ulimi usioona haya kuuliza.

Kama aliyechungulia uani si Nasimiyu, mliokuwepo nirekebisheni. Vikombe, hapana. Hivyo nilivihesabu mwenyewe.