Siku Akko Alichinja Kahawa

Salaam aleikum, wamama wa maziwa! Na wewe Mama Kendi, habari yako, usijifiche nyuma ya jerikeni, nimekuona. Gari ya Nairobi bado haijafika, na maziwa ya ngamia ina subira kuliko bwana yangu. Kaeni. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi, lakini mdomo Mungu alinipa mbili.

Juzi nilienda Nairobi kuona msichana yangu, Qabale. Amepata kazi kwa duka ya kahawa. Duka gani hiyo! Kioo mbele, kioo nyuma, ukiingia unajiona mara kumi, mimi nilijisalimia mara mbili kabla nijue ni mimi. Sukari hawauzi. Unga hawauzi. Ni kahawa tu, imefungwa kwa mifuko midogo kama dawa ya mganga, na kwa kila mfuko wameandika jina ya mlima na jina ya mkulima. Nafikiri hata jina ya punda iliyoibeba iko hapo chini. Halafu huko ndani iko mashini ya kukaanga, kubwa, inazunguka kama ile ya kuchanganya simiti.

Nilikuwa nimesimama hapo nikicheka peke yangu. Ghafla kahawa ikaanza kulia ndani ya mashini. Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta. Na harufu ikatoka, ikanishika pua vile mtu anashika mbuzi kwa pembe. Wallahi nikakaa juu ya gunia yao bila kuambiwa karibu. Qabale akasema, "Ayyo, mama, ni nini? Ni joto?" Nikamwambia ni joto. Haikuwa joto. Ilikuwa Kulamawe, kule nilikulia.

Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele imetoka, mpya bado haijaingia. Mvua ilikuwa imetuhama. Jua ilishuka chini mpaka warefu walikuwa wanatembea wameinama wasichomeke nywele. Ng'ombe zilikufa, mbuzi zikafuata, na fisi walinenepa hivi kwamba walikuwa wanapita mchana katikati ya manyatta, pole pole, kama wazee wanatoka baraza. Sisi watoto tulikuwa tunawatupia mawe na wao wanatuangalia tu, kama mtu anayejua chakula yake iko kwa sufuria bado.

Kwetu tulikuwa wanne. Baba. Akko, yaani nyanya yangu, mama ya baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya lori. Mimi. Na ndugu yangu mdogo Guyo. Mama alifariki siku alimzaa Guyo, kwa hivyo Akko ndiye alikuwa mama yetu, na kibuyu yetu, na fimbo yetu.

Guyo alikuwa mgonjwa. Tumbo ilikuwa imekataa. Ukimpa uji, inarudi. Ukimpa maji, inarudi. Shingo ilibaki nyembamba na kichwa kubwa, na macho inacheka bado, kwa sababu huyo mtoto alizaliwa akicheka. Baba alimbeba mpaka barabara, akasimama kutoka asubuhi akingoja gari ya kwenda hospitali Isiolo. Vumbi ndiyo ilipita. Jioni akarudi na yeye mgongoni.

Na ng'ombe ilibaki moja tu. Magal. Alikuwa na mimba, na mbavu zake ungeweza kuanika nguo. Sasa nyinyi wafugaji mnajua hiyo shida. Ng'ombe ikilala chini na ishindwe kuamka, lazima kisu ifike kabla roho itoke, ama ni mzoga, hailiwi. Kwa hivyo baba alikuwa analala karibu na Magal kuliko vile aliwahi kulala karibu na mtu, kisu chini ya kichwa. Siku moja asubuhi akasema, "Leo namchinja. Mtoto anakufa na njaa, na mimi nimeweka nyama inasimama hapa inaniangalia."

Akko akasimama kwa mlango ya zizi. "Hutachinja."

"Mama, Guyo lazima akule kitu."

"Nimesema leo ni mimi nachinja," Akko akasema. "Wewe enda uite watu."

Mimi hiyo neno "nachinja" iliingia kwa sikio ikateremka moja kwa moja mpaka tumboni. Sikuuliza ni nini. Nilikimbia kila boma nikipiga kelele, "Akko anachinja! Njooni! Akko anachinja!" Watu ambao walikuwa wamelala siku mbili wakaamka. Hata yule mwenye duka, Mwenda, Mkristo kutoka Meru, alifunga duka yake. Alikuja na sufuria, na chumvi, na kisu, na akaniuliza njiani, "Ni mbuzi ama ni ng'ombe?" Nikamwambia, "Ni kubwa!"

Tukafika. Akko alikuwa amekaa kwa jiko, nguo yake safi, na mbele yake sinia ya buna, ile kahawa kavu na maganda yake. Mwenda akaangalia sinia. Akaangalia nyuma ya nyumba. Akaangalia juu, labda ng'ombe imetundikwa. "Na mnyama?" akauliza.

"Huyu hapa," Akko akasema. "Kaa chini, Mwenda. Shika kichwa, usaidie kuchinja."

Kwa sisi Waborana buna inachinjwa, ndiyo maneno yake. Unashika tunda moja moja, unaikata kichwa na meno, halafu inaingia kwa samli ya moto. Watu wakikosa mnyama ya kuombea, buna inasimama pahali pake. Mimi hiyo nilikuwa nimeona toka nizaliwe na bado njaa ilinisahaulisha. Mwenda maskini, yeye hakuwahi kuona. Lakini alikaa. Aliweka chumvi yake kando, akachukua buna moja, akaikata kichwa na meno kwa heshima yote, kama mtu anachinja ndume.

Akko akachukua kibuyu ya samli. Ilikuwa imekauka zamani, tulijua sisi wote imekauka. Aliigonga, akaikwangua na kidole, akaiweka karibu na moto, na samli ikatoka. Mpaka leo sijui alikuwa ameificha wapi ndani ya kibuyu tupu. Akatia buna. Ikanyamaza kidogo. Halafu ikaanza kulia. Ta. Ta-ta. Harufu ikajaza nyumba, ikatoka nje, ikazunguka zizi, nafikiri hata fisi walisimama wakasema bismillahi.

Akko akamwita Guyo. Baba akamweka kwa mapaja ya Akko. Halafu Akko akaomba na ile sauti ya lori. "Buna, tupe amani." Tukasema amin. "Tupe mvua." Amin. "Tupe watoto." Hapo amin ya baba haikutoka.

Akko akachovya kidole kwa samli, akapaka Guyo kwa paji ya uso, akapaka midomo. Hiyo haikurudi. Guyo akaramba, akaomba ingine. Halafu akataka buna yenyewe kama watu wakubwa. Akapewa moja. Akatafuna, krr, krr, ile sauti ngumu, watu wote wanamwangalia. Akatoa ganda kwa ulimi, akaiangalia, akasema:

"Akko, hii ng'ombe yako ni mifupa tupu!"

Wacha! Watu walicheka mpaka nyumba ikahama. Mwenda alilala chini akashika mbavu. Akko, ambaye sijawahi kuona meno yake, siku hiyo niliona zote, zilikuwa nne. Baba alicheka, akacheka, mpaka kicheko ikageuka, akatoka nje. Nilimwona kwa mlango. Alikuwa anarudisha kisu kwa ala yake.

Guyo hakufika Ijumaa. Kitambaa nyeupe ilitoka kwa duka ya Mwenda. Aliikata mwenyewe, akaikata ndefu ya mtu mzima. Baba alimfunga Guyo nayo ikazunguka, ikazunguka, bado inabaki.

Mvua ilikuja baadaye, bila haya, kama mgeni anayefika sahani zikioshwa. Magal akazaa. Maziwa ya kwanza ilikuwa njano na nzito, na ni mimi niliikunywa. Na ya pili mimi. Miguu hii mnaona, na huu mwili unaojaza kiti mbili, ni Magal.

Miaka mingi nilimkasirikia Akko. Nilisema kwa roho, mwanamke gani anazuia nyama, anampa mtoto maganda? Alikufa sijamuuliza. Ni mpaka nikazaa Qabale, akaugua, nikamshika usiku nikisikia vile mwili ya mtoto inakuambia ukweli kabla ya daktari, ndiyo nikajua. Akko alikuwa ameshika Guyo hivyo. Alijua hata ng'ombe mia haitaingia kwa hiyo tumbo. Alikuwa na watoto wawili na ng'ombe moja, na ng'ombe akaniwekea mimi. Kwa Guyo akachinja buna. Watu wanakuja kwa mtu akishakufa, wanakaa, wanaomba, wanasema maneno mazuri na mwenyewe hasikii. Yeye Akko aliwaita mapema.

Basi niko hapo Nairobi juu ya gunia. Nikaona vijana wamezunguka meza, vikombe zimepangwa. Wanavuta kahawa na kijiko, fyuuu, kama ngamia kwa kisima, halafu, sikieni hii, wanatema! Wanatema kwa mkebe! Nikasema, astaghfirullah, kwetu hata ganda tulimeza. Mmoja, kijana ya ndevu, mpole sana, akaniletea kijiko. "Onja, mama. Utuambie unasikia nini ndani. Huyu anasema limau, huyu anasema maua."

Nikavuta. Sikutema. Ilikuwa nzito, inateleza, inakaa kwa ulimi kama samli. Na mdomo yangu, hii mnaijua, haingoji ruhusa. Nikapiga kelele duka nzima, "Mwiteni Guyo! Leo iko na nyama!"

Qabale akaweka mkono kwa uso. Lakini yule kijana ya ndevu, mtoto ya watu, hajui, alifikiri nimekuja na mtu nimemwacha nje. Akakimbia, akafungua mlango ya kioo, akasimama kwa barabara na kijiko mkononi, akaita na nguvu yake yote:

"Guyo! Guyo ni nani hapa? Ingia haraka, umewekewa yako!"