Siku Kopo la Pili Lilipotangulia

Kiingereza changu hakikutosha kufasiri sinema. Nakiri sasa kwa sababu walioniajiri wamekwisha kurudi kwao, na waliokuwa wakinisikiliza wengi wao wako kaburini. Hata wangekuwa hai wasingenilaumu. Walicheka, walilia, na Jumamosi iliyofuata walirudi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa stoo kwenye mgodi mmoja wa almasi, si mbali na Maganzo. Siku za kazi niligawa sepetu na taa. Jumamosi alasiri nilisimama kando ya kitambaa cheupe katika ukumbi wa wafanyakazi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mkononi nina bati lililokunjwa kama faneli, nikiwaeleza watu Wazungu wale wanasema nini. Nusu ya maneno yao niliielewa. Nusu nyingine niliitoa kwetu.

Na hata ningekijua Kiingereza chote, mapenzi ya kwenye kitambaa yalikuwa hayawaingii watu. Mwanamume anamwimbia mwanamke chini ya dirisha, ukumbi unauliza, "Mshenga wake yuko wapi?" Wanabusiana, akina mama wanafunika nyuso kwa kanga, kisha wanachungulia. Wanaoana, mtu wa benchi la nyuma anapiga kelele, "Mbona ng'ombe hatujawaona!"

Basi nikaanza kuziozesha sinema. Kila sinema niliitafutia mwenzake katika hadithi zetu sisi watu weusi. Nyingine nilizikata kwenye magazeti ya Kiswahili, hadithi za makarani na wapagazi waliopendana na kukoseshana usingizi. Nyingine nilipewa na bibi yangu, bure, pamoja na makofi pale niliposinzia. Kabla taa hazijazimwa nilisimulia hadithi hiyo mpaka mwisho, kisha nikasema, "Huyo huyo mtamwona sasa, ila leo amevaa ngozi nyeupe." Watu wakatulia. Walikuwa wanamjua mtu wao.

Mara nyingine hata sikuhitajika. Siku moja tulionyeshwa dansi kubwa, msichana mmoja amezungukwa na wanaume sita, kila mmoja anataka kucheza naye. Kabla sijainua bati, vijana wa Kisukuma wote wakasimama: "Chagulaga! Chagulaga!" Maana hivyo ndivyo walivyowazingira wasichana njiani kutoka ngomani: chagua mmoja wetu, ndipo upite. Yule msichana akamchagua mwembamba mwenye masharubu. Ukumbi ulimlaumu mpaka Jumatatu.

Mimi mwenyewe nilikuwa mpenzi, tena mpenzi mwenye kosa. Nilimpata binti wa Tinde, pale malori yaliposimama na yeye akauza karanga. Baba yake alikuwa amefariki. Mama ndiye aliyemlea, lakini mwenye kauli ya posa alikuwa baba yake mdogo, na huyo alikuwa na rafiki yake aliyemtakia binti. Nilituma mshenga mara mbili. Mara zote mbili baba mdogo alimgeuzia njiani, kabla hajafika uani. Mara ya tatu binti hakungoja mshenga. Alipanda lori na kifurushi kimoja, akashuka mgodini, nami nikampokea kwa mikono miwili.

Kutoroshana si jambo geni kwetu. Ukishatorosha unatuma watu kuomba radhi, unatozwa faini, mambo yanatengenea. Lakini lazima kwao wakubali kusikia, na baba mdogo hakukubali. Tulikaa hivyo mwezi wa kwanza, wa pili. Wa tatu, Jumamosi asubuhi, mama yake alisimama mlangoni kwangu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, yaani umeamkaje, mama, nimeinama.

Hakuitikia. Alikuwa na kaniki mbili, fimbo mkononi, vumbi mpaka magotini. Akanitazama machoni, akaendelea kunitazama.

Asiyekaa kwetu hawezi kujua jinsi tendo hilo linavyokata. Mama mkwe hamtazami mume wa mwanawe, wala hatazamwi naye. Mkikutana njiani hujifunika uso akapita majanini, nawe unageuka upande wa pili mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Huyu alikuwa ananisoma kuanzia nywele hadi kidevu.

"Unaniona?" akauliza kwa Kisukuma.

"Nakuona, mayu."

"Nami nakuona. Basi ujue mimi si mkwe wako. Hukutuma hata mtu mmoja. Umemchukua mwanangu kama mbuzi aliyekata kamba. Leo anarudi na mimi kwa lori la saa kumi na moja."

"Mayu, nilituma..."

"Nyamaza!"

Mke wangu akajaribu kusema, akaambiwa anamfichia mwizi. Nikaenda stoo. Asubuhi ile niliwapa watu taa waliotaka sepetu, na wakaniambia hivyo, na sikuwasikia.

Alasiri lori lilisimama mbele ya ukumbi, kama kawaida yake. Mke wangu aliomba aingie kuwaaga jirani zake, na mama, asiyetaka kumpoteza machoni, akaingia naye. Wakakaa benchi la tatu, kifurushi katikati yao. Ukumbi mzima ulikwisha kujua yule mama ni nani. Kwenye kambi ya wafanyakazi habari haihitaji bati.

Nilikuwa nimejitayarisha, tena kwa ujanja. Karatasi iliyokuja na sinema ilisema mwanamume anakwenda kumwomba mzee binti yake, anakataliwa, anavumilia, mwishoni wanaoana. Nikaichagulia mwenzake aliye safi kabisa: hadithi ya mpagazi aliyetuma mshenga kwa utaratibu, akasubiri miaka, hakugusa hata kidole cha mtu. Nilitaka yule mama asikie kwamba utaratibu naujua. Ndiyo, ulikuwa unafiki. Mtu anayenyang'anywa mke hachagui silaha.

Nilimsifu mpagazi wangu, taa zikazimwa, na kwenye kitambaa likatokea kanisa. Bibi harusi, shela, watu wanarusha mchele. Fundi wa mashine, rafiki yangu mtu wa Tanga, alikuwa na makopo mawili ya filamu yaliyobanduka vibandiko kwa mvua, naye alianza na la pili. Watu wakashangilia. Wakabadilishiwa kopo, na bwana harusi yule yule akaonekana sebuleni kwa mzee, kofia mkononi, anaomba, na binti analia pembeni.

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Karani!" mtu akaita. "Amekwisha kuoa, anaomba nini tena?"

Nilimtazama fundi. Fundi akatazama dari. Jasho lilinitoka mpaka bati likaniteleza. Ndipo jirani yetu mmoja, bibi aliyekuwa akipika pombe, akasema kwa sauti ya kutangaza, "Ninyi hamwoni? Wametoroshana hao! Harusi wamekula kwa watu, sasa ndiyo anakwenda kwa wazee."

"Eee!" ukumbi wote ukaitikia, umeridhika kabisa. Hawakuona kosa lolote. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa nusu ya watu waliokuwa mle ndani.

Mpagazi wangu mwema akafia hapo. Niliinua bati, na mara hii sikubuni.

"Anasema: mzee, nimekosa. Mtoto nimemchukua kabla sijapewa."

Kwenye benchi la tatu mtu akasimama. Mwanga wa mashine ulimpata mgongoni, na kivuli chake, na cha fimbo yake, kikaangukia kitambaani kati ya yule kijana na yule mzee.

"Mwulize," akasema mama, "kwa nini hakutuma mtu?"

Mzungu, Mungu ambariki, akatikisa midomo wakati huo huo.

"Anasema alimtuma, mara mbili."

"Mtu gani?"

"Rafiki yake. Askari wa zamani."

"Alivaa nini?"

"Koti la jeshi, mayu. Limebaki kifungo kimoja. Alikuwa anakokota baiskeli, gurudumu la nyuma limepata pancha."

Kwenye kitambaa kijana aliyevaa suti nyeusi alikuwa ananusa ua. Hakuna aliyecheka. Mama hakukaa.

"Koti la kifungo kimoja," akasema, sasa si kwa kitambaa tena. "Yule niliambiwa ni mnunuzi wa ngozi. Mara mbili nilimwona anageuzwa pale kwenye minyaa ya njiani kwetu. Nikasema moyoni, mnunuzi gani huyu, amevaa koti na jua hili." Akaielekeza fimbo kitambaani. "Mwulize kama anamlisha mtoto."

"Mwulize mwenyewe, mayu," nikasema ndani ya bati. "Amekaa kando yako."

Hapo ukumbi uliangua kicheko, na kivuli kikashuka kutoka kitambaani. Niliyoyasema baada ya hapo siyakumbuki. Kama nilimwozesha mzee mwenyewe, sijui.

Lori likapiga honi. Nilitoka kabla ya watu, nikasimama kwenye njia na bati langu. Mke wangu akatokea, kifurushi kichwani. Nilipokiona kifurushi moyo ukanifa. Nyuma yake akaja mama, anakuja moja kwa moja kwangu, fimbo inagonga chini.

Alipobakiza hatua chache akasimama. Akavuta kaniki, akajifunika uso mzima. Kisha akaiacha njia, akazunguka kwa mbali, katikati ya nyasi na miiba, mpaka kwenye lori.

"Pole, ndugu yangu," fundi akaninong'oneza. "Amekuchukia mpaka hataki kupita njia yako."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka, kama mkwe anavyopaswa kugeuka, uso kwenye ukuta wa ukumbi, na bati nimeliweka machoni ili watu wasinione ninavyolia. Furaha niliyokuwa nayo sikujua niiweke wapi. Nilisikia kifurushi kikitua miguuni pangu, na mke wangu anacheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja.

"Kakupisha," alisema. "Umeona? Mama kakupisha."

Wiki iliyofuata mshenga wangu, yule askari wa zamani, alivaa koti lake mara ya tatu, na pale kwenye minyaa aliyempokea alikuwa mama mwenyewe. Baba mdogo alinung'unika, akala nyama ya faini kama wenzake.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alitupenda. Aliniletea karanga kila mavuno, akaziacha mlangoni na kukohoa ili nijue. Sauti yake naijua, kaniki yake naijua, hata visigino vyake nilivijua vikiondoka. Uso wake niliuona asubuhi ile moja tu, na nilikuwa na hofu mno hata sikuutazama vizuri. Mke wangu husema wamefanana, yeye na mama yake.