Gemu Ikitoka

Dada yangu mkubwa hawezi kupita mbele ya kibao cha duka bila kukisahihisha. Wengine huingia dukani kununua. Yeye huingia kumwambia mwenye duka kwamba "kuuza" ina u mbili. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kuwinda makosa, na kazi hiyo ilimwingia kwenye damu. Nyumbani tulimzoea. Mama alikuwa akisema binti yake huyu hata akiota ndoto, huamka akairekebisha.

Kiwanda kilipopunguza watu, akapata kazi pale nilipokuwa nachora mimi. Ilikuwa ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la fundi wa kutengeneza cherehani, na kutwa nzima sakafu ilitetemeka kwa cherehani zilizokuwa zikijaribiwa chini. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Bosi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupiga simu akiwa amesimama dirishani. Mimi na rangi zangu. Dada. Na kijana mmoja mrefu, mpole, mwandishi wa programu, ambaye Bosi alimwita Fundi kwa kuwa hakuona tofauti kati ya kuandika programu na kuziba pancha.

Tulikuwa tunatengeneza gemu. Si gemu ya simu. Ni ya kile kimashine cha kushika mkononi, skrini katikati na vitufe pande mbili, ambacho watoto walikuwa wakigombania wakati ule. Kampuni iliyokiunda ilitaka gemu za lugha yetu, na Bosi akawaahidi fumbo la maneno. Silabi zinadondoka kutoka juu, unazisogeza zipangane. Ukiunda neno, linatoweka. Ukishindwa, zinajaa hadi juu na mchezo unakwisha. Tuliiita Dondosha. Kazi ya Dada ilikuwa kuifundisha mashine lipi ni neno na lipi si neno.

Toleo la kwanza lilikamilika upesi kuliko tulivyotarajia. Lilikuwa na maneno mafupi tu, kiti, meza, lala, piga, na lilichezeka vizuri. Bosi alilicheza hadi akasahau simu zake. Kisha Dada akafanya kosa la kulipeleka nyumbani kwa Mama.

Mama aliketi kitandani, miwani puani, akabonyeza. "Pi" ikashuka. "Ga" ikashuka. Neno likatoweka, naye akaguna.

"Mbona imenilamba neno langu sijamaliza?"

"Umemaliza, Mama. Piga."

"Nani kakwambia nilitaka piga? Nilitaka piganisha. Sasa hii 'ni' nimpelekee nani?"

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Dada hakucheka. Kesho yake asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, alimwambia Fundi kwamba gemu haifai.

"Neno la kwetu haliishi pale linapoonekana limeisha," alisema. "Mwache mchezaji mwenyewe aseme amemaliza."

Mtu mwingine angemwambia aende zake. Fundi alitabasamu, akasema, "Sawa, Mwalimu." Ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza.

Akaweka kitufe cha kumaliza neno. Lakini sasa Dada alitaka maneno yote, na kimashine hakikuwa na nafasi ya kuyabeba yote. Fundi akazunguka mlango wa nyuma: badala ya kuikaririsha mashine neno moja moja, akaifundisha mizizi na namna ya kuirefusha. Ilifanya kazi, tena ilipitiliza. Ikawa inakubali kila kitu. Mama alipoijaribu tena ikampitishia "nyesheana".

"Mvua zinanyesheana?" aliuliza. "Wapi huko, niende nikaone?"

Basi Dada na Fundi wakakaa meza moja, viti viwili, kitenzi baada ya kitenzi, wakitenganisha yanayosemwa na watu na yanayosemwa na mashine peke yake. Bosi kule dirishani akawa anauliza, "Lini?" Dada akawa anajibu, "Bado kidogo."

"Ile ya mwanzo ilikuwa na ubaya gani?"

"Ilikuwa inamwambia mama yangu hajui lugha yake."

Bosi alishusha pumzi, akarudi kwenye simu kuwaomba wenye mashine wavute subira.

Mimi meza yangu ilikuwa jirani, na macho ninayo. Fundi alianza kuja kazini mapema, shati limepigwa pasi. Alianza kuuliza maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayajua. Na Dada alimweleza kila mara, kwa utulivu, mtu ambaye mimi nikikosea herufi moja ananisema wiki nzima. Alikuwa ameshavuka umri ambao mashangazi huuliza utaolewa lini. Walikuwa wamefika umri wa kunong'ona.

Siku moja walifika kwenye "oa". Fundi alikuwa anasoma, Dada anaamua.

"Ozesha."

"Ipite."

"Oana."

"Ipite, ni sahihi."

"Nakuuliza wewe, Mwalimu. Siulizi kamusi."

Brashi yangu ilisimama hewani. Dada aliinua uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona amekosa neno. Jasho lilikuwa linamtiririka Fundi wa watu.

"Gemu ikitoka," Dada alisema mwishowe. "Tumalize kazi kwanza. Ikitoka, njoo nyumbani na wazee wako."

Jioni ile tulirudi nyumbani kwa miguu, na alipita vibao vyote vya mtaa wetu bila kusoma hata kimoja.

Nilidhani sasa ataharakisha. Thubutu! Alizidi ukali. Alisema kitu kilichobeba ahadi yake hakiwezi kutoka na makosa. Akarudia vitenzi alivyokwisha kuvipitisha. Fundi alimsihi: "Tuitoe, Mwalimu. Nani atagundua?" Naye akajibu, "Mimi." Siku nyingine uvumilivu ulinishinda.

"Dada, unangoja gemu au unaogopa mume?"

Alinirushia kifutio. Alinikosa, lakini hakunijibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa niaba yake.

Mwaka ulizunguka. Kisha Bosi akaja asubuhi moja, hakwenda dirishani. Alivuta kiti akakaa.

"Imefutwa," alisema. "Mashine yenyewe hawatengenezi tena. Watu wamehamia kwenye simu." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mwaka jana walikuwa wanalilia gemu yoyote. Ile ya mwanzo wangeipokea kwa mikono miwili."

Hakuna aliyemtazama mwenzake, isipokuwa Fundi. Yeye alimgeukia Dada.

"Kwa hiyo haitoki."

Dada alikuwa anaitazama skrini. "Haitoki," alisema.

Fundi alisubiri. Naapa alisubiri hadi kule chini dukani wakamaliza kujaribu cherehani moja wakaanza nyingine. Dada akaongeza kwamba vilibaki vitenzi vichache tu. Fundi akatikisa kichwa taratibu, akakunja waya zake, akanipa mkono, akashuka ngazi.

"Mfuate," nilimwambia Dada.

"Akitaka atakuja. Nyumbani anapajua."

Hakuja. Tulisikia amepata kazi mji mwingine, kisha tukasikia ameoa. Dada alirudi kusahihisha kurasa za watu. Mama, mpaka leo, huuliza yule kijana mrefu aliyekuwa na adabu alipotelea wapi, nasi tunabadilisha mazungumzo.

Mwezi uliopita Dada alitoka benki akaingia kwangu bila kubisha hodi, akakaa na viatu vyake miguuni.

"Alikuwa mbele yangu kwenye foleni," alisema. "Ana mvi. Ana binti anasoma chuo."

Sikuuliza nani. "Mkaongea?"

"Aliniuliza kwa nini siku ile nilimkatalia. Nikamwambia sikumkatalia mtu. Nilisema haitoki, nilikuwa nazungumzia gemu."

"Akasema nini?"



"Akasema yeye hakuwa anazungumzia gemu."

Siku gemu ilipofutwa Dada hakutoa hata chozi. Alipanga meza yake na kufuta vumbi. Safari hii alilia kwa sauti, nami nikakaa sakafuni nikaishika miguu yake.

"Ningemwambia njoo," alisema. "Njoo tu. Angekuja, mdogo wangu."