Mume wa Kuazima

Mwaka 2013 nilikuwa mume wa mtu kwa muda wa saa moja na nusu, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Sijui nimkasirikie nani kwanza, ndiyo maana hasira haiishi.

Nilikuwa nimepangiwa kufundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Mabamba, huko Kibondo kunakopakana na Burundi. Mimi ni Muha wa Kasulu mjini, na Muha wa mjini akipelekwa kijijini hununa kama aliyefungwa jela. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku, kama wanaume wengi wa pale, akamwachia mama yake mke mwenye mimba. Huyo mke nilimwita shemeji, kwa heshima ya nyumba.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa shule. Mlangoni walibandika karatasi: mjamzito anayeanza kliniki aje na mwenza wake. Nia ilikuwa njema, nakubali. Baba naye apimwe, baba naye asikie. Lakini aliyeiandika hakujisumbua kuuliza akina baba wako wapi. Walikuwa Tabora wakichuma tumbaku ya watu.

Shemeji alirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa akamlete mume. Mara ya pili akaambiwa, kama mume hayupo, alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alikuwa msibani. Aliporudi, hakuwa na karatasi. Karatasi ilipopatikana, muhuri ulikuwa kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa Kibondo mjini kwenye semina. Semina ya nini sikuuliza, maana ningeambiwa ni ya afya ya mama na mtoto ningetukana. Mimba nayo ilikuwa inakua, haingoji muhuri wa mtu. Na shemeji alikuwa ameshazaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka amekufa.

Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki uani, mama mwenye nyumba akanijia amejifunga kitenge kipya. Nilipoona kitenge kipya nikajua kuna jambo.

"Mwidiwe, mwalimu."

"Mwidiwe, mama."

"Mwanangu, nakuomba umsindikize mkwe wangu pale kwa nesi. Usimame naye tu."

"Nisimame naye kama nani?"

"Kama mumewe." Alisema kama mtu anayeazima kinu. "Nesi anawajua wanaume wote waliobaki hapa. Wewe una wiki mbili tu, hakujui."

Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali, nikamwambia hiyo ni aibu, nikamwambia mambo mengi na povu la dawa ya meno mdomoni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Huyu wa tatu naye akifa, mwanangu ataambiwa aoe mwingine," alisema. "Na mimi huyu nampenda."

Nikasuuza mdomo, nikavaa shati.

Kule zahanati tulikaa kwenye benchi mpaka kipindi changu cha kwanza kikapita. Nilikuwa nimewaachia darasa la tano hesabu ubaoni, na kelele zao nilizisikia kutoka pale nilipokaa. Shemeji alikaa kando yangu, kichwa ameinamisha. Kabla hatujaitwa aliniambia neno moja tu, kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, usimame tu. Mengine nitajibu mimi."

Nikasema sawa.

Nesi alikuwa peke yake siku ile, na foleni ilikuwa imefika nje. Alitutoboa vidole wote wawili, akaandika, akasubiri vipimo vyake, akaandika tena. Halafu akaacha kalamu, akaniangalia mimi.

"Baba, majibu niwasomee pamoja, au aingie mmoja mmoja?"

Nilitazama saa. Darasa la tano walikuwa sasa wanaimba. Nilikuwa nimechoshwa na benchi, na karatasi ile ya mlangoni, na Tabora, na kijiji kizima. Nikajibu kama mwanaume mwenye nyumba yake:

"Soma hapa hapa, nesi. Tuna kazi."

Shemeji aligeuka akanitazama. Sikuyaelewa macho yale. Nilidhani ananishukuru kwa kuharakisha.

"Baba, wewe uko salama," nesi akasema. "Mama, kipimo kinaonyesha una kaswende. Huenda hiyo ndiyo iliyowaua wale wawili tumboni. Inatibika, usiogope. Utachoma sindano leo. Na baba atachoma pia, hata kama kipimo chake ni safi, maana asipochoma anaweza kukurudishia, na huyu mtoto tutampoteza."

Nilitamani sakafu inimeze. Ningesema mimi si mume, angetufukuza wote wawili, na shemeji sindano yake asingeipata. Nikashusha suruali, nikachomwa sindano ya ugonjwa nisiokuwa nao, kwa ajili ya ndoa nisiyokuwa nayo. Siku mbili nilifundisha nimesimama.

Tuliporudi alitangulia, mimi nyuma. Uani, kabla ya kuingia ndani, alisema bila kugeuka: "Mama asijue." Basi.

Hapo ndipo ujinga wetu wote ulipodhihirika. Aliyetakiwa kuchomwa alikuwa Tabora. Angerudi mwezi wa sita na ugonjwa wake, na mtoto wa watu angekuwa bado tumboni. Mkewe hawezi kumwambia, maana angeulizwa yeye kaupata wapi. Mama hajui. Alibaki nani? Mume wa kuazima.

Nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Pale simu ilikuwa inakamata mtandao wa Burundi kila nikigeuza kichwa. Nilizunguka kile kilima kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka nikampata.

"Ni mwalimu, mpangaji wa mama yako. Rudi nyumbani kaka. Kuna sindano mnatakiwa kuchoma, wewe na mkeo. Ni kwa ajili ya mtoto."

Nikasikia akisogea mbali na watu.

"Mama yangu ndiye kakwambia?"

"Hapana. Mama hajui."

"Sasa wewe umejuaje mambo ya mke wangu?"

Simu ikahamia Burundi, ikakatika. Kwa mara ya kwanza nikawashukuru.

Alifika baada ya wiki mbili, mwanaume mrefu, mpole kuliko nilivyoogopa. Usiku ule niliwasikia wakiongea Kiha kwa sauti za chini, hakuna aliyefoka. Asubuhi alisimama mlangoni kwangu. "Twende," akasema. Njiani aliniuliza nani mwingine anajua. Nikasema nesi na mimi. Akarudia, "Na wewe," akatangulia mbele mpaka zahanati.

Nesi alitajiwa jina la shemeji, akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Mume wa huyu mama ameshahudhuria. Ameshachomwa. Huyu ni nani tena?"

Hapo nikapasuka. Nilipiga kelele hata wajawazito wakanyanyuka kwenye benchi. Nikamwambia mume ndiye huyu, mimi ni mwalimu wa shule ile pale, sina mke, sina mtoto, sina kaswende, na karatasi yao wameibandika kwenye kijiji kisicho na wanaume. Nesi alinitazama, akakaa chini taratibu.

"Mnanidanganya nyie," alisema. "Halafu hesabu za ripoti zikikataa, wilayani naitwa mimi. Unadhani mimi napenda kuwarudisha?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Akamchoma yule mwanaume. Daftarini sijui aliandika nini.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, msichana, analia mpaka shuleni unasikia. Mama mwenye nyumba alicheza uani mpaka kile kitenge kikadondoka. Mimi nilifurahi kupita kiasi, nakiri, nilijiona kama mwenye hisa. Lakini tangu siku ile ya majibu, shemeji alikuwa hanisalimii. Nikiingia uani, anaingia ndani. Chakula changu alimwachia mama anipelekee. Na hilo liliniudhi. Nilijiambia, nimechomwa sindano kwa ajili yake, nimezunguka kilima kwa ajili yake, hata habari ya asubuhi nimenyimwa!

Nikanunua sabuni na sukari, nikaenda kumpongeza. Alikuwa amekaa mkekani ananyonyesha. Alipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Nikashindwa kujizuia.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

Alimfunika mtoto vizuri kwanza.

"Nesi aliuliza tuingie mmoja mmoja," alisema. "Nilikuomba usimame tu, mwalimu. Wewe ukajibu."