Disko Lisilo na Muziki

Chuo chetu ni kidogo, na katika chuo kidogo mtu havai kofia moja. Asubuhi mimi ni mhadhiri wa takwimu, mchana ni mshauri wa wanafunzi. Maana yake ni kwamba wanaofeli somo langu wakitaka kulia, wanakuja kulia kwangu. Mimi nimezoea, na wao wamezoea.

Ofisi ya ushauri ilipokosa chumba, tulipewa nusu ya stoo ya mizinga ya mafunzo, nyuma ya maabara. Tunafundisha misitu na nyuki, na mizinga tunayo mingi kuliko viti. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye shida anaketi juu ya mzinga mtupu, na chumba kinanuka nta mwaka mzima. Wenyewe wanapaita mzingani. Ukisikia mtu anasema "nilikuwa mzingani kwa madam," ujue mambo yake si mazuri.

Wanafunzi wana lugha yao ya matokeo pia. Mtihani wa marudio ni sapu. Somo unalolibeba hadi mwaka unaofuata ni keri. Na yule ambaye alama zake zimemwondoa chuoni kabisa, huyo amedisko. Ni kipande cha neno refu la Kiingereza, discontinued, lililomo kwenye kanuni za mitihani, kilichokatwa na kubaki hivyo. Silipendi. Mtu anaondolewa masomoni, halafu tunamtajia jina la muziki. Nimelipiga vita darasani miaka mingi, nimeshindwa, na siku hizi nalitumia mwenyewe.

Mwaka jana, siku chache kabla ya chuo kufunguliwa, alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Majimoto. Alivaa koti la Jumapili lililojaa vumbi, na shingoni alikuwa na uvimbe wa mbung'o waliomng'ata basi lilipopita mbugani. Nyuma yake alikuwa binti yake. Huyo nilimfahamu. Alikaa mstari wa mbele katika darasa langu, akaandika kila nilichosema hadi kikohozi, na akafeli. Akafeli na sapu. Masomo mengine mawili yalimwendea vivyo hivyo, na uamuzi ulikuwa umeshapita vikao vyote. Alikuwa amedisko, hakuna wa kulibadilisha hilo.

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitika, akaketi juu ya mzinga bila kuuliza.

"Mwalimu, nimemleta mkosaji," akasema. "Mimi ni mwenyekiti wa kigango, kanisani kwetu. Kwangu hakuna mtoto wa disko. Ila huyu alinipigia simu mwenyewe, akasema, baba, nimedisko. Nikasema afadhali, hajaficha."

"Pole sana, mzee."

"Pole ya nini? Kosa ni lake. Disko vumbi mimi nalijua. Kwetu kila siku ya gulio linapigwa, vijana wanaharibikia humohumo. Nilifikiri huku chuoni hakuna, kumbe na nyie mnalo?"

"Lipo," nikajibu, kabla sijaelewa tunazungumza nini.

"Basi ameshaungama. Katekista anajua, na kigango kizima kinamwombea. Hatacheza tena. Mpeni adhabu yoyote, afyeke, afagie, ila mama yangu huyu arudi darasani." Alimwita mama kwa sababu binti alirithi jina la bibi yake.

Nikamtazama binti. Alikuwa anabandua nta kwenye mfuniko wa mzinga kwa ukucha, kwa uangalifu mkubwa, hakuinua uso. Nikamwomba mzee atupishe kidogo, akae kwenye benchi nje.

"Anafikiri ulikuwa unakwenda kucheza?" nikamuuliza binti.

"Aliniuliza, disko? Nikasema ndiyo. Siyo uongo, madam."

Angejibu kwa ujanja huo kwenye mtihani, tusingekuwa pale. Nikamuuliza kwa nini.

"Disko unaliungama, linaisha," akasema. "Kukosa akili utakuungamaje? Baba alishatangaza kanisani kwamba mimi ni kichwa. Wakati naondoka kuja huku, watu walisimama wakanipigia makofi."

"Na nikimkatalia msamaha?"

"Atawakasirikia nyie."

Kumbe ndiyo ilikuwa hesabu yake. Chuo kiwe kile chenye roho mbaya, kisichosamehe hata mtoto aliyeungama, na yeye arudi nyumbani akiwa mwenye dhambi aliyetubu, mwenye akili zake zote. Nilikasirika. Nilimwonea huruma pia, na vyote viwili vilikuja kwa pamoja, jambo linalonichosha katika kazi hii. Nilijua kwamba nikimwacha, mzee yule atapanda basi kila chuo kinapofunguliwa, aje kuombea msamaha kosa ambalo halikutendeka.

"Umwambie wewe," nikasema, "au nimwambie mimi. Leo haondoki hapa akiomba msamaha wa kucheza."

Alifuta nta kwenye ukucha. Halafu akaenda mwenyewe mlangoni kumwita.

Mzee aliketi palepale. Binti hakuketi.

"Baba," akasema, "disko la huku halina muziki. Ndiyo kufeli kwenyewe. Nimefeli, wamenitoa."

Mzee alinigeukia mimi, kama vile binti alikuwa ameongea lugha inayohitaji mkalimani.

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Kwa hiyo hakucheza?"

"Hakucheza."

"Hata mara moja?"

"Mimi sijasikia hata mara moja. Huyu alikuwa mtu wa maktaba. Alisoma sana. Masomo tu yalimkataa."

Nimeona wazazi wengi katika chumba kile. Wako waliofoka mpaka watu wa maabara wakachungulia, na yuko mmoja aliyetoka na kumwacha mwanawe ameketi. Nilisubiri nione huyu ni wa aina gani, lakini alikuwa anatazama viganja vyake tu.

Nikafanya kazi yangu. Nikaeleza kwamba kurudi kwenye shahada ile haiwezekani, lakini stashahada ya ufugaji nyuki bado ilikuwa inapokea maombi, na matokeo yake ya sekondari yalitosha. Somo langu halimo humo, nikaongeza, nikidhani nawafariji. Mzee akauliza kama huko nako watu wanadisko. Nikasema wanadisko. Akatikisa kichwa kukubali, akamwambia binti asikilize vizuri utaratibu. Binti aliomba, akapata. Sasa yuko mwaka wa kwanza, na ile mizinga aliyokuwa anaikwangua nta ndiyo anayosomea.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Walitoka, mimi nikarudi kwenye karatasi za sapu zilizokuwa mezani. Dirisha lilikuwa wazi. Mzee alisimama karibu na benchi akapiga simu, akiongea kwa sauti kubwa kama mtu anayejua kwamba mtandao wa kwao unasumbua. Binti alisimama pembeni ameshika mfuko wake, kichwa ameinamisha, anasubiri kuona atatajwaje.

"Katekista? Ni mimi. Waambie watu wa kigango waache yale maombi. Hakucheza... Nasema hakucheza! Siyo disko lile la vumbi. Mtoto amefeli tu."

Kalamu yangu ilisimama. Nimesahihisha mitihani muda mrefu, nimeandika kufeli kwa watu wengi, na sijawahi kusikia mtu akiweka "tu" baada ya neno hilo. Kule nje binti aliinua kichwa, akamtazama baba yake.

Inaonekana upande wa pili hawakusikia vizuri. Mzee akaiweka simu karibu zaidi na mdomo.

"Nimesema amefeli tu."