Madume wa Vita

Mama yangu alikuwa mtu wa Chama kuliko Chama chenyewe. Wenzake walikuwa wanachama siku ya mkutano; yeye alikuwa mwanachama shambani, kisimani na jikoni. Ukimkuta anapalilia mtama, anahutubia. Tulipotakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mungaa, majirani walinung'unika na wengine wakangoja mpaka mgambo waje kuwatoa. Mama alibomoa nyumba yake mwenyewe, akajitwika miti kichwani, akatangulia njiani akiimba. Baba alizoea kusema kwamba alioa mke mmoja akaongezewa na Chama juu, na mahari alilipa ya mtu mmoja tu.

Kwa hiyo vita ilipozuka kule mpakani, Kagera, hakuna aliyeshangaa kumwona mama yuko mbele. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa tawi letu. Isitoshe, mtoto wake wa kwanza alikuwa askari na alikuwa tayari ameshapelekwa huko. Kaka yangu huyo leo ni babu anayelalamikia magoti, lakini siku zile alikuwa kijana mrefu mwenye kiburi cha viatu vipya, na mama hakulala vizuri tangu alipoondoka. Mchana alimtukana nduli, yule mtawala wa Uganda aliyetuvamia, kama sisi sote. Ila nilimwona anavyosimama ghafla, jembe mkononi, akitazama upande wa magharibi ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Katibu wa Chama alikuja kutoka wilayani, kijana wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili kitamu mpaka wazee wetu wakawa wanamtikisia vichwa hata pale wasipomwelewa. Alisema askari wanahitaji nyama, na kwamba Singida inajulikana kwa ng'ombe. Sisi ukituomba mtama tutatoa, kuku tutakukimbizia wenyewe, lakini ng'ombe! Ng'ombe kwetu ni ukoo. Wanaume wakaanza kuangalia vidole vya miguu.

Mama akasimama. "Ndugu Katibu, andika dume mmoja, wangu."

Baba aligeuka kumtazama, kwa sababu dume huyo alikuwa wa mama kweli, si wa nyumba. Babu alimpa ndama jike siku ya kuolewa, na dume alikuwa mtoto wa mwisho wa ukoo wa ndama yule, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso na pembe moja iliyoinamia sikio. Mama alimlea kwa mkono, kwa chumvi ya kulambishwa kiganjani. Baada ya mwanamke kutoa, mwanamume gani angebaki amekaa? Walisimama mmoja mmoja, wengine kwa hasira, na mpaka jua linapinduka kijiji kizima kilikuwa kimeahidi.

Siku ya kuwatoa, kila mama alimpaka dume wa nyumba yake siagi mgongoni. Hiyo ni desturi yetu. Mnyama aliyepakwa siagi na mwenye nyumba ametolewa kwa baraka, na kumuuza baada ya hapo ni kuiuza baraka ya watu. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua hilo.

Aliyekabidhiwa kundi alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Mkiwa, pale njia panda, mwenye duka na boma kubwa nyuma ya duka. Hakuwa mgeni, alikuwa Mnyaturu mwenzetu, na wake zake wawili walitoka vijiji vya jirani. Alikuwa pia amepata kazi ya kununua ng'ombe na kuwauzia jeshi. Mikutanoni alikaa meza ya mbele na viongozi, akapigia vita makofi kutushinda sisi tuliokuwa na watoto huko. Kazi yake kwa madume wetu ilikuwa moja: kuwafikisha stesheni ya Itigi wapakiwe kwenye treni. Tukamshukuru. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Lakini siku ile hatukuwa na macho ya kuona kunguru.

Zikapita wiki. Mama akapakia kuku kwenye tenga, akapanda lori kwenda kuwauza Mkiwa, nami nikaenda naye, mwanangu wa kwanza mgongoni. Tulipita nyuma ya lile duka kutafuta kivuli. Mama akasimama. Ndani ya boma, kati ya ng'ombe wengi, alikuwa amesimama dume mwekundu mwenye baka jeupe na pembe iliyoinama. Pajani alikuwa na jeraha bichi la chuma cha moto, alama ya mwenye boma.

Mchungaji aliyekuwa pale hakuwa na hila yoyote. Alitusalimu vizuri, "Shikamoo mama," na mama alipomuuliza hawa ni wa nani, akajibu, "Ni wa mzee. Anawauzia jeshi. Anasubiri bei ipande kidogo, vita ikiendelea itapanda tu."

Alimwacha kuku mmoja kwa yule mchungaji kama asante, na wengine tukarudi nao nyumbani hawajauzwa. Njia nzima nilisikia pumzi yake. Nilidhani anawaza dume. Baadaye aliniambia alichokuwa anawaza: kwamba yuko mtu, tena hapo Mkiwa, anayeamka asubuhi na kuomba vita isiishe, na kila siku isiyoisha mwanawe yumo ndani yake.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wanaume wa kwetu wanaliogopa kuliko simba. Mwanamume akiwakosea wanawake wote kwa pamoja, hawamshitaki popote. Wale waliokwisha kuzaa wanakwenda kukaa uani kwake. Wanakaa chini, miguu wameinyoosha, wanaimba aibu yake mpaka atoe dume wa faini. Hakuna anayeruhusiwa kuwafukuza wala kuwaruka miguu. Na walio wake zake wanatakiwa kuacha moto uzimike, watoke, wakae pamoja nao.

Mama alipowaeleza wenzake tulichokiona, tulitoka na jogoo la kwanza, yeye mbele, na kila kijiji tulichopita wanawake waliongezeka. Wakristo walikuwamo na Waislamu walikuwamo, bibi mmoja alikuwamo anayetembelea fimbo. Jua linaelekea kuzama tukaingia uani kwa mfanyabiashara, tukakaa. Alitoka akicheka. Akatuuliza kama tumekuja kununua sukari. Nyimbo zikaanza, na nyimbo zile siwezi kuziandika hapa. Wajukuu wangu wanasoma. Kabla giza halijaingia, mke wake mkubwa alitoka jikoni akifuta mikono, akakaa karibu na mama. Mdogo akamfuata. Mzee wa watu alilala na njaa katika nyumba yenye duka.

Asubuhi akampelekea Katibu habari. Katibu akaja na gari na mgambo wawili, mmoja wao mtu mzima wa huko kwetu. Katibu alionekana kuumizwa kweli, maana mama ndiye aliyekuwa mfano wake katika kila kijiji.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "nchi iko vitani. Anayemzuia mnunuzi wa jeshi anamsaidia adui. Unaelewa ninachosema?"

"Naelewa, mwanangu. Ndiyo maana nimekaa."

"Chama kimetangaza vita hii."

"Na sisi tumeitikia. Ningekuwa na watoto kumi ningekupa. Lakini huyu hakutoa mtoto wala dume, na faida yote ni yake. Huyu si yule kupe, mnyonyaji, mnayetufundisha habari zake kila siku? Au kupe akivaa shati la kijani anakuwa ndugu?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Katibu akapandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Akasema kama hatuondoki, mama arudishe kadi, naye si mwenyekiti tena. Vigelegele vikakatika. Kila mtu pale alijua kadi ile ni nini kwake. Nilitamani kumwambia, mama, inuka, dume ni dume tu, tutapata mwingine.

Alifungua pindo la kanga, akaitoa, akampa Katibu kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni maji. "Chukua. Kadi ni ya Chama, dume ni wangu. Sasa nimekaa kama mama wa askari. Na hilo utaninyang'anya?"

Katibu alibaki na kadi mkononi, hajui pa kuiweka.

Hapo ndipo mfanyabiashara alipoharibu. Njaa, aibu na pengine woga wa gari la Chama uani kwake vilimchanganya. Alijua desturi, alijua kwamba akitoa dume wa faini wanawake watainuka. Akampigia mchungaji kelele: "Mlete mmoja, mnono, upesi, waondoke!" Na mchungaji, mtoto wa watu mtiifu, akachagua mnono kuliko wote. Akaja akimwongoza dume mwekundu mwenye baka jeupe.

Mama alinyoosha kiganja kitupu. Dume akamwacha mchungaji, akapita katikati ya miguu ya wanawake bila kukanyaga hata mmoja, akaja kulamba.

Aliyecheka kwanza alikuwa mke mkubwa wa mwenye nyumba. Kisha ua mzima ukalipuka. Mtu ametulipa faini kwa dume wetu wenyewe! Tulicheka mpaka bibi wa fimbo akaanguka ubavu. Katibu alizunguka akiuliza, "Kuna nini? Kuna nini?" na yule mgambo mtu mzima ikabidi amweleze: kwetu anayetoa faini amekiri kosa, na huyu amekiri kwa mali aliyoiba. Halafu mgambo akaweka bunduki yake mgongoni, akaenda mwenyewe kufungua boma.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alisema ng'ombe waliotolewa na wananchi waanze safari ya Itigi leo hii, na yeye atafika huko kuwakabidhi kwa niaba ya Chama. Kadi aliitia mfukoni. Kumrudishia mama kungembidi awaeleze wakubwa wake kwa nini aliichukua, na hilo lilikuwa zito kwake. Mfanyabiashara aliendelea kukaa meza ya mbele, tena kwa miaka. Sipendi kuwadanganya.

Lakini madume tuliwapeleka sisi. Tulikataa wachungaji wake. Tulishika njia ya Itigi katika pori lile la miyombo na vumbi, wanawake mbele na nyuma, mwanangu akilia na kunyamaza mgongoni, na kila tulipolala watu walituletea uji na kutuuliza tunakwenda wapi. Mama alijibu, "Vitani," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Stesheni tulikuta behewa limefunguliwa, askari wanangoja na Katibu amevaa vizuri. Alianza hotuba. Madume hawakumsikiliza, walikataa kupanda. Walipigwa, wakavutwa, wakarudi nyuma wakitafuta wanawake. Mama akawaambia askari waache fimbo. Akakunja kanga, akapanda yeye ndani ya behewa, akaita, na yule mwekundu akapanda nyuma yake, na wengine wote wakafuata. Hotuba ilikuwa bado inaendelea.

Behewa lilipojaa, mama hakutoka. Nilisogea mlangoni nikamwona kati ya migongo ya ng'ombe, ameshika ile pembe iliyoinama, anazungumza polepole kwa Kinyaturu. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Nikaelewa kwamba anapima kama mtu anaweza kujificha mle ndani mpaka Kagera.

Askari aliyesimamia upakiaji alikuwa mtu wa makamo. Alichungulia, akamwamkia, halafu akauliza kwa adabu swali ambalo kazi yake ilimlazimu kuuliza. "Mama, hawa ng'ombe tunamlipa nani?"

Mama akajipangusa uso kwa kiwiko. Katibu nje alikuwa ameikatisha hotuba, na wanawake wote walikuwa wanasikiliza.

"Hakuna wa kulipwa," alisema. "Mtoto wangu yuko huko mnakokwenda. Mnirudishie yeye."

Yule askari alivua kofia, akaibana kwapani, akampa mama mikono yote miwili kumshusha. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, pindo la kanga likiwa halina kitu, nami nyuma yake nikiwa na fahari mpaka kifua kinaniuma.