Gari Lililozimika Barabarani Tu

Gereji nzima ilimwita fundi huyo Tulia, kwa mzaha, maana hakuwahi kutulia. Alikula amesimama, na gari alilotengeneza likiondoka, alilitegea sikio mpaka likate kona.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni. Gari lake lilikuwa na ugonjwa wa ajabu: njiani lilizimika ghafla, kisha likawaka kama halikufanya kitu. Likifika gereji, lilinguruma kutwa bila hata kukohoa. Tulia akasafisha plagi. Akabadilisha pampu ya mafuta. Wiki haikuisha, likazimika tena, katikati ya njia panda, lori likipiga honi nyuma.

Shemeji alilirudisha gereji siku hiyo hiyo. "Shemeji, kama umeamua kunila, nile nikijua. Pampu uliyoitoa ilikuwa nzima, si ndiyo?"

"Sijui," Tulia akajibu.

"Hujui? Na wewe ndiye fundi?"

Maneno hayo yalimtafuna. Nyumbani aliizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia, chakula kikipoa.

"Dada kakwambia nini?" mkewe akauliza.

"Kaniita mwizi, kwa adabu."

Kesho yake Tulia akamwomba shemeji wapande gari pamoja, shemeji aendeshe kama kawaida yake. Shemeji akachomoa mkobani shada zito la funguo, za stoo, za mabweni, za jikoni, na katikati yake ule wa gari. Tulia akaduwaa. Gerejini alikuwa akiachiwa ule wa gari peke yake.

Kwenye matuta ya kwanza shada likabembea. Gari likazimika. Tulia akalitikisa shada kwa mkono. Taa za dashibodi zikawaka, zikazimika, zikawaka. Uzito wa funguo, miaka yote hiyo, ulikuwa umeichosha swichi ya kuwashia gari, pale ufunguo unapochomekwa.

"Kumbe ni mimi?" shemeji akanong'ona.

"Na mimi. Pampu nilibadilisha kwa kubahatisha."

Akafunga swichi mpya, akairudisha pampu ya zamani na kuichukua ile mpya. Shemeji alisimama pembeni, hajui aombe radhi au ashukuru. "Hiyo mpya ungeiacha tu," akasema mwishowe.

"Ya kwako haikuwa na ugonjwa."

Gari halikuzimika tena, na shemeji akarudi kumtania kama zamani. Tulia ndiye aliyekosa raha. Magari mangapi aliyabadilishia vifaa, yakapona, akashukuriwa? Lipi alilitibu kweli, lipi lilijiponea? Mteja mwingine alikuwa keshafungua boneti, anamsubiri. Tulia akaokota spana, akaiweka chini, akaiokota tena.

"Funga kwanza," akamwambia. "Twende wote nikalisikie."